MGENI KWENYE BAO: Mapokezi Ndiyo Uhai wa Mchezo

Wazee wetu walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Msemo huu twautumia sana katika mambo ya chakula. Mgeni akibisha hodi, kuku huchinjwa, na watoto wa nyumba nao hupata kipaja. Leo, ndugu msomaji, nataka niuchukue msemo huo huo niuweke mahali ambapo aghalabu hautajwi, nao ni kwenye bao. Kwani mchezo wowote wa ubaoni, uwe ni wa kete, wa vizibo au wa vibao vilivyotoka ng'ambo, huishi kwa wageni wake. Mabingwa huutia utamu, lakini uhai wake hutoka kwa yule mtu wa pembeni, asiyejua kitu, ambaye siku moja huulizwa: "Wewe, wataka kujaribu?"

Nenda leo Lamu, nenda Mji wa Kale wa Mombasa, nenda Unguja. Baraza zipo, kahawa ipo, na bao la kete bado lapatikana mahali pake. Lakini hebu tazama nywele za waliokaa. Vijana wako upande wa pili wa njia, vichwa vimeinama juu ya simu, na wengi wao hawajui kunamua wala kutakata ni nini. Sisi wazee ni wepesi wa kuilaumu simu. Simu ina makosa yake, sikatai. Lakini kuna swali ambalo hatujiulizi. Kijana yule alipokuwa na miaka 12 akaja kuchungulia, nani alimfundisha? Aghalabu alifukuzwa, au aliachwa asimame saa nzima bila kuelezwa neno, au alipopewa nafasi aliliwa kete zote kwa dakika 3, watu wakamcheka. Hakurudi tena. Mchezo uliopoteza mgeni umepoteza mrithi.

KINGI ANARUKA

Fikra hizi zilinikaa zaidi nilipokuwa Misikhu. Kwa msomaji wa pwani asiyepajua, Misikhu ni mji mdogo wa soko katika kaunti ya Bungoma, kando ya barabara kuu itokayo Webuye kwenda Kitale. Ni nchi ya Wabukusu, ya mahindi na miwa, na magari makubwa hupita hapo mchana na usiku. Bodaboda wanaongojea abiria hawakosi ubao wa drafti: kipande cha mbao chenye miraba 64, na vizibo vya soda 24, nusu vimeangalia juu na nusu vimelala kifudifudi ili kutofautisha watu wawili.

Nilisimama nikitazama, nikakaribishwa. Kijana mmoja alisogea kwenye benchi akasema, "Mzee, keti. Lakini kwanza nikuambie sheria za hapa. Hapa kingi anaruka mbali, si hatua moja." Maneno mafupi hayo, lakini yalinifurahisha kuliko mchezo wenyewe. Kwani drafti, ambayo wengine huko kwetu huiita dama, ina kanuni nyingi duniani. Katika ile ya Kiingereza, kingi husogea hatua moja tu. Katika mila nyingine nyingi hupita mraba wote wa hanamu kama mwewe. Mtu akitoka mji mmoja kwenda mwingine asipoambiwa, hujikuta ameliwa kwa sheria asiyoijua, na hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Kijana yule alinishinda, na alinishinda vizuri. Lakini kabla ya kunishinda alinifungulia mlango. Hayo ndiyo mapokezi ninayoyazungumzia.

Si mbali na hapo, kwa upande wa kusini, katika kaunti ya Vihiga, wako Watiriki, ambao ni ndugu wa Wabukusu katika jamii ya Waluhya. Watoto wa huko wana mchezo uitwao shisima. Mswahili hahitaji mkalimani wa jina hilo, kwani shisima ni kisima chetu hiki hiki, yaani mahali pa maji. Vijiwe vya kuchezea huitwa imbalavali, nao ni wale wadudu wanaokimbia juu ya maji hata jicho lisiwafuate. Mwanamke wa Kimarekani, Claudia Zaslavsky, aliyeandika mengi juu ya hesabu za Waafrika, aliueleza mchezo huu katika vitabu vyake, na leo hufundishwa katika shule za mbali ambako hakuna aliyewahi kuiona Vihiga.

Namna yake ni hii. Unaweza kuichora mchangani sasa hivi. Chora umbo la pembe 8, kisha piga mistari 4 ipitayo katikati, ili kila pembe iunganike na ile inayoelekeana nayo. Hapo umepata nafasi 9: pembe 8 na kisima cha katikati. Kila mchezaji ana vizibo 3. Mmoja huviweka katika pembe 3 zinazofuatana za upande wake, na mwenzake vivyo hivyo upande wa pili. Zabaki tupu pembe 2, moja kuumeni na moja kushotoni, pamoja na kisima. Kwa zamu, kila mtu husogeza kizibo kimoja kwenye nafasi tupu iliyo jirani kwa kufuata mstari. Hakuna kuruka, hakuna kula. Anayepanga vizibo vyake 3 katika mstari mmoja, kimoja kikiwa kisimani, ndiye mshindi. Mwendo ule ule ukirudiwa mara 3, ni suluhu.

Tazama basi hekima yake. Mtoto wa miaka 6 huuelewa kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, na babu yake bado hufikiri kabla ya kusogeza. Hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya mchezo mwema wa kumkaribishia mgeni: mlango mfupi, nyumba ndefu.

BAO LETU NA MLANGO WAKE

Bao la kete ni kinyume chake. Nyumba yake ni kasri, lakini mlango wake ni mwembamba. Lina mashimo 32 katika safu 4, na kete 64, ambazo kwa desturi ni komwe zitokazo katika mti wa mkomwe. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni: 6 katika shimo la nyumba, na 2 katika kila shimo katika mawili yaliyo jirani; zilizobaki 22 hukaa mkononi, huingizwa moja moja katika sehemu ya kwanza ya mchezo, nayo ndiyo ya kunamua. Zikiisha, huingia sehemu ya mtaji. Kuna kichwa, kuna kimbi, kuna kutakata. Na kete iliyoliwa haitoki nje kama katika drafti. Huingia upande wa aliyeila na kumpigania. Kwa hiyo mtu aliyekuwa tajiri aweza kufilisika kwa mkono mmoja, na fukara akapanda kitini.

Michezo ya jamaa hii imeenea Afrika nzima. Waganda wana omweso, wenye mashimo 32 na kete 64 pia. Wajaluo wana ajua. Malawi wana bawo, ambalo jina lake lasema lenyewe lilikotoka. Mholanzi Alex de Voogt alikaa na mabingwa wa Unguja, na mwaka 1995 akatoa kitabu kizima juu ya ubingwa wa bao na mipaka ya akili ya mwanadamu. Mgeni wa Ulaya alivuka bahari kuja kuwasikiliza mafundi wetu, na mtoto wa mtaa ule ule aliambiwa, "Ondoka hapa, wanipa kiwi."

Nasema haya si kwa kulikashifu bao. Nasema kwa sababu mchezo mgumu unahitaji mwalimu kuliko mchezo mwepesi. Bao halina karatasi ya kanuni inayouzwa pamoja nalo. Karatasi yake ni kifua cha mzee. Mzee akifunga kifua chake, kisha akaenda kwa Mola wake, amekwenda na kitabu.

MICHEZO MIPYA YA NG'AMBO

Sasa tuje kwenye michezo mipya, ambayo vijana wa Nairobi, na hata baadhi ya wa Mombasa, wameanza kuikusanyikia. Msomaji akisikia mchezo wa ubaoni wa Kizungu hukumbuka ludo, iliyosajiliwa Uingereza mwaka 1896 kwa kuiga pachisi ya Wahindi. Au Monopoly, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Parker Brothers mwaka 1935, ingawa mbegu yake ilipandwa na mama mmoja wa Marekani, Elizabeth Magie, aliyesajili mchezo wake mwaka 1904 ili kuonyesha ubaya wa mwenye ardhi kumnyonya mpangaji. Michezo hiyo ina kasoro zinazojulikana. Katika ludo bahati yatawala kuliko akili. Katika Monopoly aliyefilisika mapema huketi pembeni akipiga miayo mpaka wenzake wamalize.

Michezo ya kisasa ilizaliwa kuondoa kasoro hizo, na shamba lake kubwa lilikuwa Ujerumani. Huko mwaka 1979 ilitolewa kwa mara ya kwanza tuzo ya mchezo bora wa mwaka, na mchezo wa kwanza kuipata uliitwa Sungura na Kobe, kazi ya Mwingereza David Parlett. Nausimulia kwa sababu wanaojua hadithi zetu watatabasamu. Ni mashindano ya mbio, lakini mwendo wake hauamuliwi kwa dadu. Nguvu ya kukimbia ni karoti. Hatua 1 hugharimu karoti 1. Hatua 2 hugharimu 3. Hatua 3 hugharimu 6. Hatua 4 hugharimu 10. Yaani kadiri unavyokimbilia mbali kwa mkupuo mmoja, ndivyo kila hatua inavyokuwa ghali zaidi. Aliyeishiwa hurudi nyuma hadi kituo cha kobe, na kwa kila hatua ya kurudi hupata karoti 10. Haraka haraka haina baraka. Hapa methali imegeuzwa hesabu, na mtoto huifahamu bila kuhubiriwa.

Baada ya huo ilifuata mingine. Catan wa Klaus Teuber, uliotoka mwaka 1995, ni wa watu 3 au 4 wanaojenga vijiji katika kisiwa kwa mbao, matofali, sufu, nafaka na mawe ya madini. Hakuna mwenye vyote, basi kila mtu hulazimika kubadilishana na jirani, na kelele zake ni kelele za sokoni. Mfanyabiashara wa Misikhu, ambaye siku zote huuza mahindi akanunua kingine, hahitaji kuelezwa mara mbili. Carcassonne wa Klaus-Jürgen Wrede, wa mwaka 2000, hauna hata ubao. Wachezaji huutengeneza wenyewe kwa vigae vya karatasi ngumu, kila mtu akiweka kigae kimoja hadi miji, njia na mashamba yajitokeze. Na Pandemic wa Matt Leacock, wa mwaka 2008, una jambo la ajabu: wachezaji hawashindani wao kwa wao. Wote ni kundi moja linalopambana na maradhi manne yanayoenea duniani. Ama wote hushinda, ama wote hushindwa. Dunia ilipofungwa kwa korona mwaka 2020, waliokuwa wameucheza waliuelewa upya.

Wala tusidhani akili ya ubaoni ni mali ya Ulaya. Sataranji ilitoka India, ikapita Uajemi na Uarabuni kabla ya kufika kwao, na jina tunaloliita ni la njia hiyo. Hapa jirani zetu Uganda, katika mtaa wa mabanda wa Katwe jijini Kampala, msichana Phiona Mutesi alijifunza sataranji kwa mwalimu Robert Katende akiwa mtoto wa watu wasio na kitu. Habari zake zilitolewa kitabu mwaka 2012 na filamu mwaka 2016. Naye mwanzo wake ulikuwa ule ule: mtoto alichungulia, na mwalimu hakumfukuza.

DADU NA KAMARI

Najua kuna msomaji anayeuliza moyoni: je, katika dini yetu? Swali hili ni la haki, na mwenye kumkaribisha Mwislamu mchezoni lazima alijue jibu lake kabla ya kutandika ubao.

Jambo la kwanza halina mjadala. Kamari ni haramu kwa andiko la Kurani, katika Sura ya Al-Maida. Mchezo wowote ukiwekewa fedha ya mshindi kutoka mifukoni mwa wachezaji, hata ukiwa ni shisima ya mtoto, umeingia huko. Na msiba wa siku hizi ni kwamba kamari haihitaji tena kwenda mjini. Pata potea ilikuwa sokoni, mtu alipita akaiona, akaikwepa. Kubashiri mipira kumeingia ndani ya simu, kukakaa mfukoni mwa kijana wa Misikhu na wa Malindi sawasawa. Kijana anayetafuta msisimko wa kushinda atautafuta popote. Asipoupata kwenye ubao wa akili bila fedha, ataupata kwenye simu, na mshahara wa wiki ukaenda.

Jambo la pili ni dadu. Katika Sahihi ya Muslim imepokewa hadithi yenye makemeo makali juu ya mchezo wa nardi, ambao ni wa dadu, na wanavyuoni wengi, wakiwamo wa madhehebu yetu ya Shafi, wameukataza hata pasipo fedha. Juu ya sataranji wamehitilafiana; Imamu Nawawi ameieleza kuwa ni makruhu, lakini ikifungamana na kamari au ikimpotezea mtu sala, huwa haramu. Hitilafu hiyo ipo hata leo. Iran iliupiga marufuku mchezo huo baada ya mapinduzi ya 1979, kisha Ayatollah Khomeini akauruhusu mwaka 1988. Saudia, mufti wao mkuu aliukemea, na habari hizo zikaenea dunia nzima mwaka 2016. Na Desemba ya mwaka 2017 mashindano ya dunia ya sataranji ya haraka yakafanyika Riyadh.

Kutoa fatwa si kazi ya ukurasa huu. Kila mtu na amwendee shekhe wake. Lakini faida moja ya michezo mipya ni kwamba chaguo ni pana. Catan ina dadu mbili. Anayejizuia na dadu aiache, na wala hatakosa kitu, kwani Carcassonne na Pandemic hazina dadu kabisa. Mwenyeji mwema huuliza mgeni wake ala nini kabla ya kupika. Na kwenye bao ni hivyo hivyo.

NAMNA YA KUMPOKEA MGENI

Basi wewe uliye na bao, la kete au la kisasa, na wataka jirani yako, mkeo, mwanao au mwanafunzi wako aanze, shika haya.

Kwanza, chagua mchezo wa mgeni, usichague wako. Mchezo wa saa 4 wenye kitabu cha kanuni kama msahafu ni wa waliokwisha kuzama. Mgeni mpe wa nusu saa, au saa moja kwa wingi, ukiisha aseme mwenyewe, "Tena!" Mwandae kwa shisima au drafti, kisha mpandishe.

Pili, eleza mwisho kabla ya mwanzo. Mwambie mtu anashindaje, ndipo umwambie anasogezaje. Wengi wetu huanza na vighairi: "ila ikiwa kete iko kwenye kimbi, isipokuwa nyumba haijavunjwa..." Mgeni hana pa kuyatundika maneno hayo. Vighairi vieleze vinapotokea.

Tatu, mkono wa kwanza uwe wa mafunzo, wazi, usiohesabiwa. Mruhusu arudishe kete aliyoisogeza. Lakini usimchezee mchezo wake. Ukimwonyesha kila hatua, utakuwa wacheza na nafsi yako, naye amekuwa mkono wako tu.

Nne, usimwachie ashinde kwa kumhurumia, maana hata mtoto hutambua. Na usimponde ili kuonyesha ubingwa, maana hilo ndilo lililotuulia vijana wa bao. Mshinde kwa adabu, kisha umwonyeshe mahali mlango wake ulipokuwa wazi asiuone.

Tano, chunga wakati. Adhana ikilia, ubao hungoja, hautembei. Na mwenye biashara au mwenye jiko asifanywe mfungwa wa mchezo.

Sita, usingoje meli. Michezo ya ng'ambo ni ghali, lakini boksi la sabuni lililokatwa, kalamu na vizibo vyatosha kufanya shisima na drafti, na komwe za bao huokotwa bure ufuoni. Ukishatengeneza, andika kanuni za mji wako nyuma ya boksi, ili hata mgeni atakayekuja baada yako azikute. Laiti mabingwa wetu wa Mombasa na Lamu wangeandika hivyo, kila mmoja ukurasa wake, leo tungekuwa na hazina.

Na wanawake na wasichana wasisahauliwe. Baraza za nje zimekuwa za wanaume tangu zamani. Lakini bao hukaa hata ukumbini, na mama anayejua kuhesabu unga, mchele na karo za shule hahitaji kufundishwa maana ya mtaji.

Naufunga ukurasa kwa ubeti mmoja, ambao mwenye kutaka aubandike ukutani palipo na bao lake:

Mchezo si kushindana, kwa matusi na hasira,
Mchezo ni kufunzana, kwa busara na fikira,
Mzee pamwe na mwana, wakae pasi na dhara,
Kete haina hiana, hurudi kwa mwenye dira.

Jioni ya leo, ndugu msomaji, yuko mtu amesimama nyuma ya bega lako akitazama mchezo. Sogea kidogo kwenye benchi. Wasalaam.